Uliza Mjomba: Mvua ya Galicia na zabibu ya Albariño

Toleo lililopita niliitaja kwa mistari mitatu tu divai nyeupe ya Rías Baixas, kule Galicia, pembe ya kaskazini-magharibi mwa Hispania, na barua zikamiminika. Nimechagua 7. Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza: nilikuwa mhudumu wa divai kwenye meli ya abiria kwa miaka 11, na meli yetu ilikuwa ikitia nanga Vigo. Nilipoacha kazi ya bahari nilirudi huko huko nikachuma zabibu misimu 6 katika kijiji kimoja karibu na Cambados, kwenye shamba la mama mmoja mjane. Jina lake silitaji maana hakunipa ruhusa. Humu namwita Mama Mwenye Shamba. Mengi mtakayoyasoma hapa niliyapata kwake, nikiwa nimesimama chini ya mizabibu yake shingo ikiniuma.

*Shikamoo Mjomba. Darasani tunafundishwa kwamba mzabibu haupendi mvua, unataka jua na hewa kavu. Sasa wewe unasifu divai ya mahali ambapo, kwa maelezo yako mwenyewe, mvua haiishi. Inakuwaje? — Mwanafunzi wa kilimo*

Marahaba, mpwa wangu. Mwalimu wako hakukosea. Sehemu kubwa ya Hispania mkulima wa zabibu analilia maji. Wa Rías Baixas analilia jua. Kwa wastani hunyesha karibu milimita 1,600 kwa mwaka. Pepo za kusini-magharibi zinatoka Atlantiki zimebeba mawingu, zikigonga vilima zinamwaga. Wagalicia wana jina kwa kila namna ya mvua, na yale manyunyu membamba yanayokulowesha shati bila wewe kusikia tone wanayaita orballo. Ukiona upepo umegeuka ukaanza kuvuma kutoka kaskazini-mashariki, wao huuita nordés, basi mbingu inafunguka na watu wa shamba wanachangamka.

Nafuu ya kwanza ni majira. Mvua kubwa hunyesha tangu vuli hadi miezi ya machipuko. Julai na Agosti hupungua, na zabibu hupata nafasi ya kuiva. Bahari nayo hailiachi joto lizidi wala baridi ichome, hivyo karibu na pwani baridi kali inayounguza machipukizi ni nadra.

Lakini ukitaka kuelewa kabisa, anzia chini, kwenye udongo. Siku yangu ya pili shambani ilinyesha asubuhi nzima. Nilivaa mabuti ya mpira nikijua nitazama kwenye tope. Mvua ilipokatika, saa moja baadaye ardhi ilikuwa imekauka juu kama haijanyeshewa. Mama Mwenye Shamba aliniona nashangaa. Akainama, akachota udongo kwa kiganja, akaumiminia maji ya chupa yake ya kunywa. Maji yalipita kati ya vidole vyake kama kwenye chujio, kiganjani ikabaki changarawe ya rangi ya asali yenye vimulimuli vya kung'aa. "Xabre," akaniambia, na jina ukilitamka Kigalicia huanza kwa "sha". Hiyo ni graniti iliyooza. Jiwe la graniti likikaa miaka na miaka kwenye maji na hewa, baadhi ya madini yake hulainika kuwa udongo mfinyanzi, lakini chembe za kwatsi hazilainiki, zinabaki kuwa mchanga mkavu wenye makali. Mvua ya milimita 1,600 ikianguka juu ya mfinyanzi mtupu ingeozesha mizizi. Ikianguka juu ya xabre inashuka chini, na mizizi inalazimika kuifuata hadi kwenye nyufa za mwamba. Udongo huu pia ni mchachu na hauna rutuba nyingi, kwa hiyo mzabibu haupati nguvu ya kurefuka ovyo kama ambavyo ungefanya kwenye udongo mnono wenye maji tele.

Halafu tazama juu. Mizabibu ya kule haipandwi kama vichaka vifupi vya uwanda wa kati wa Hispania, inapandishwa kwenye kichanja. Wao husema parra. Nguzo zinasimama urefu wa mtu au kupita kidogo, juu yake nyaya zimetandazwa kama dari, majani yanafunika, na vichala vinaning'inia chini yake. Upepo unapita chini ya dari hiyo, unakausha unyevu kwenye zabibu, na ule ubichi unaopanda kutoka ardhini hauzifikii. Na nguzo zenyewe, mpwa wangu, ni za graniti! Zimechongwa kutoka mawe yale yale, maana mti ukiuchimbia kwenye unyevu ule hauchukui miaka mingi kuoza. Nimeshika nguzo iliyosimamishwa na babu yake yule mama, ina kuvu la kijani upande wa kaskazini, na bado haijatikisika.

Mwisho ni zabibu yenyewe. Albariño ni punje ndogo yenye ganda nene. Ganda hilo huchelewesha ukungu unaoozesha punje. Husaidia, lakini halimalizi shida. Adui mkubwa kule ni ubwiri vinyoya, ugonjwa uliofika Ulaya kutoka Amerika Kaskazini miaka ya 1870, na haujaondoka hadi leo. Mwaka wangu wa tatu ilinyesha siku 9 mfululizo mwezi Juni, na tulikuwa watu wawili tu. Tulichelewa kupulizia dawa kwa siku 3. Tuliporudi kwenye kipande cha chini karibu na mto, majani yalikuwa na madoa ya njano kama tone la mafuta kwenye karatasi, na ukiligeuza jani unakuta unyoya mweupe. Vichala vichanga vikakauka rangi ya kahawia. Tulipoteza karibu theluthi ya kipande kile. Mama hakusema neno siku nzima. Jioni alikwenda kuvisomba vilivyoanguka akavichoma. Kwa hiyo usimsikilize anayekuambia Albariño "inapenda" mvua. Inaivumilia, na kuna mtu anayeamka alfajiri kuisaidia kuvumilia.

*Mjomba, mbona hii divai ni ghali kuliko nyeupe nyingine nyingi za Hispania? Ni jina tu tunalipia? — Msimamizi wa baa*

Kaka, unalipia mikono. Kile kichanja nilichokieleza hakipitishi mashine za kuchuma zinazotumika kwenye mashamba tambarare ya Hispania. Kila kichala kinakatwa na mtu aliyeinua mikono juu ya kichwa, kinawekwa kwenye kreti ndogo isiyopita kilo 20 hivi ili punje za chini zisipondeke. Saa 4 za kuangalia juu hivyo, mabega yanakuwa si yako. Wanawake wa kijiji, wengine wamepita miaka 70, walinizidi mwendo misimu yote 6.

Na ardhi yenyewe imegawanyika vipande vipande kwa urithi. Eneo zima lina hekta 4,000 na ushei, wakulima karibu 5,000, na vipande vinavyozidi 20,000. Piga hesabu mwenyewe uone kipande kimoja kinabaki na ukubwa gani. Mama Mwenye Shamba alikuwa na vipande 7 katika sehemu 4, kimoja nyuma ya kanisa, kingine mbele ya nyumba ya jirani, na chini ya kichanja cha nyumbani alipanda kabichi na viazi. Trekta kubwa utalipitisha wapi?

Ongeza na gharama ya kupulizia dawa mara nyingi kwa msimu kwa sababu ya mvua. Kuna chupa zinazouzwa jina, hilo silikatai, hasa zile zinazovunwa kwa wingi na kutolewa haraka ziwahi kiangazi. Lakini bei ya msingi ina sababu.

*Shikamoo Mjomba. Chupa moja imeandikwa "Albariño", nyingine "Rosal", nyingine "Condado do Tea", na zote zina "Rías Baixas". Tofauti ni nini? Na ipi ninunue? — Mpishi*

Marahaba. Rías Baixas ni jina la eneo, Albariño ni jina la zabibu. Maana ya ría ni hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara baada ya maji kupanda na kufunika bonde la mto. Mahori ya kusini mwa Galicia ni manne: Muros e Noia, Arousa, Pontevedra na Vigo. Hilo la Arousa ndilo kubwa.

Mwanzoni sheria ilililinda jina la zabibu. Mwaka 1980 ilitambuliwa divai ya Albariño kwa jina hilo. Hispania ilipoingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986 ikakutana na kanuni kwamba jina la asili linalolindwa lifuate mahali, lisifuate aina ya zabibu. Hivyo mwaka 1988 likazaliwa jina la Rías Baixas, na baraza linaloisimamia lina makao yake Pontevedra. Nyuma ya kila chupa halali utakuta lebo ndogo ya baraza hilo yenye namba. Itafute kabla hujalipa.

Chupa ikiandikwa Albariño chini ya Rías Baixas, ni Albariño tupu, asilimia 100. Ikiandikwa jina la kitongoji, mara nyingi ndani mna mchanganyiko wa zabibu za hapo. Vitongoji ni 5, na hapa nitakaa kidogo maana wengi huvipita haraka.

Val do Salnés ni pale nilipofanya kazi, kando ya hori la Arousa, Cambados ikiwa katikati. Ndipo penye mizabibu mingi zaidi, na ni baridi na pabichi kuliko penginepo. Wastani wa joto la mwaka ni karibu nyuzi 13. Divai yake ina uchachu unaoamsha ulimi, ina ndimu na tofaa bichi. Mimi moyo wangu uko huko, nakuambia wazi ili ujue nimeegemea upande gani.

O Rosal iko kusini kabisa, Mto Miño unapoingia baharini, ng'ambo ni Ureno. Mashamba yamepandwa kwa matuta yanayoelekea jua. Huko huichanganya Albariño na Loureira, zabibu yenye harufu ya majani ya mti wa laurel (bay leaf), yale yanayotiwa mchuzini. Ndiko jina lake lilikotoka. Matokeo yake ni divai laini zaidi, yenye maua.

Ukipanda na Miño kuingia bara unafika Condado do Tea. Bahari iko mbali, kiangazi kinaweza kuwa kikali kweli, na kwenye graniti kunachanganyika mawe ya sleti na shisti. Treixadura ndiyo mwenza wa Albariño hapo. Divai huwa nzito kidogo, zina tunda lililoiva, pichi zaidi kuliko ndimu. Soutomaior, iliyoongezwa mwaka 1996, ni kijieneo kidogo karibu na mwisho wa hori la Vigo. Ribeira do Ulla iliingia mwaka 2000, iko kaskazini, kwenye njia ya kwenda Santiago, mji wa mahujaji huko huko Galicia, na udongo wake una mashapo ya mto.

Kwa kuwa wewe ni mpishi: samaki wa kuchemsha, kome, chaza, chagua Salnés. Kuku au samaki mwenye mchuzi wa krimu, chukua Condado. Rosal inywe peke yake kabla ya chakula.

*Mjomba, mwenzangu kazini anasisitiza kwamba Albariño ni Riesling ya Wajerumani iliyoletwa na watawa waliokwenda kuhiji Santiago. Tumebishana hadi tumenuniana. Tuamue. — Mhudumu wa hoteli*

Mwambie mwenzako, kwa upole, kwamba hadithi hiyo hata mimi niliisimulia kwa abiria kwa miaka kadhaa, na nasikitika kwamba niliisimulia kwa uhakika kiasi kile. Wanaoisimulia hukata jina mara mbili: alba, nyeupe, na Riño, Mto Rhine. Husema watawa wa Ufaransa au wa Ujerumani waliibeba zama za kati. Ni tamu kuisikiliza.

Vipimo vya vinasaba havikuikubali. Albariño haina undugu wa mzazi na mtoto na Riesling, na dalili zote zinaonyesha ni zabibu ya hapo hapo kaskazini-magharibi mwa rasi ya Iberia. Ng'ambo ya Miño, kwenye Monção na Melgaço upande wa Ureno, ni hiyo hiyo, wanaiita Alvarinho. Zimefananishwa na Riesling kwa sababu ya uchachu na harufu, na watu wakaigeuza sura kuwa nasaba.

Kama mnapenda kisa cha kweli cha zabibu kupotezana na jina lake, kipo. Australia waliagiza vipande vya Albariño kutoka kwenye mkusanyo wa mizabibu nchini Hispania, wakavizalisha, wakauza divai kwa jina hilo. Mwaka 2008 mtaalamu wa Kifaransa wa kutambua mizabibu akayatilia shaka majani. Vipimo vilipotoka mwaka 2009, ikathibitika ile mizabibu ni Savagnin, zabibu ya mashariki mwa Ufaransa. Wakulima wenye bidii, wasio na kosa, wakabaki na mashamba yenye jina la mwingine. Ndiyo maana Mama Mwenye Shamba akitaka kubebesha mche mpya alikata kijiti kutoka kwenye mzabibu mkongwe wa nyuma ya kanisa, ule aliojua ulipandwa na nani. Shina lake mtu mmoja hawezi kulikumbatia kwa viganja viwili. Patanani, nyote wawili.

*Mjomba, kila ninaposoma kuhusu hii divai naambiwa "ina chumvi" na "ina ladha ya jiwe". Kweli mizizi inanyonya chumvi ya bahari na graniti hadi kwenye glasi? — Msomaji mdadisi*

Swali lako, dada, limenikosesha usingizi zaidi ya mengine yote.

Jiwe kwanza. Mizizi hunyonya madini yaliyoyeyuka kwenye maji, kwa kiasi kidogo sana, na mengi ya hayo hayana ladha unayoweza kuitambua. Graniti haipandi kwenye shina ikafika kwenye glasi. Inachofanya ni kuamua mzabibu utakunywa maji kiasi gani, utashiba kiasi gani, na kwa hiyo punje itaiva vipi. Mtu akikuambia anaonja graniti, muulize aliionja lini graniti yenyewe.

Kinachotufanya tuseme "chumvi", kwa maoni yangu, ni uchachu mwingi kukutana na sukari karibu hakuna. Albariño ina asidi nyingi ya tatariki, na pia ile ya tofaa. Mwenye kiwanda anaweza kuwaachia bakteria waigeuze hiyo ya tofaa iwe asidi ya maziwa, divai ikalainika. Wengi wa Salnés huzuia hilo, au huacha sehemu tu, na katika mwaka wa baridi na mvua huachia zaidi kidogo ili kinywa kisikunjamane. Uamuzi huo wa tangini unabadilisha ladha kuliko maneno yote ya jiwe. Divai ikikaa na mashapo ya chachu, nayo yanaongeza kitu kama mchuzi, kinachofanya mate yatoke.

Lakini sitakuambia bahari haina lake. Kipande cha mwisho cha Mama kilikuwa karibu sana na hori, ungeweza kuona vile vyelezo vya kufugia kome vimepangwa majini, mbao nyeusi zenye kamba zinazozama. Asubuhi moja ya Septemba, upepo umevuma usiku kucha kutoka baharini na mvua haijanyesha kwa siku kadhaa, nilichuma punje nikairamba kabla ya kuitafuna. Ganda lilikuwa na chumvi. Nikairamba nyingine kutoka upande wa ndani wa kichanja, ambako upepo hauingii: haikuwa nayo. Kiasi gani cha chumvi hiyo kinavuka hadi kwenye chupa sijapima, ila tangu siku ile mimi nikisikia neno "chumvi" sicheki.

*Kaka, nitie barafu kwenye glasi? Kwetu ni joto. — Jina nimelihifadhi*

Usitie, tafadhali. Barafu ikiyeyuka unabaki na maji yenye harufu ya mbali ya ndimu. Zamisha chupa kwenye ndoo ya maji nusu na barafu nusu kwa dakika 20, itafika nyuzi 8 hadi 10. Iliyokaa na mashapo, au ya Condado, iache ipande hadi 11 au 12. Ikiwa baridi kupita hapo pua haitapata kitu, na kwa Albariño pua ni nusu ya kazi. Jaza glasi kidogo kidogo, chupa ikirudi kwenye ndoo.

*Shikamoo Mjomba. Nilizawadiwa chupa ya Rías Baixas ya mwaka 2018, nikaiweka kabatini nikaisahau. Rafiki yangu anasema nyeupe ikipita miaka miwili ni siki, niimwage. Chupa yenyewe imeandikwa "sobre lías". Nifanyeje? — Mama wa watoto watatu*

Marahaba, dada yangu. Usiimwage! Rafiki yako amezoea zile divai nyepesi zinazovunwa Septemba, zinachachushwa kwenye matangi ya stenlesi, zinauzwa miezi michache baadaye. Hizo kweli ni za kunywa zikiwa changa, na hakuna ubaya, ndizo zinazonywewa kwa wingi kwenye sherehe ya Albariño pale Cambados, inayofanyika tangu mwaka 1953, kilele chake Jumapili ya kwanza ya Agosti. Ile sherehe ilianza kama mashindano ya wenyeji wachache kuona divai ya nani bora. Leo mji unajaa hadi pa kukanyaga hakuna.

Maneno "sobre lías" yana maana divai iliachwa juu ya mashapo ya chachu iliyomaliza kazi yake. Chachu ikifa inajaa chini ya tangi kama uji mzito wa rangi ya krimu. Mwenye divai huukoroga mara kwa mara au huuacha utulie, kwa miezi, wengine kwa miaka. Mashapo hayo huilinda divai na hewa, na taratibu huiachia unene. Uchachu ule ule niliousema juu ndio unaoihifadhi. Nimewahi kuonja ya Salnés yenye miaka 12. Ilikuwa na harufu ya asali, ganda la chungwa lililokaushwa na lozi, na bado ilichangamsha ulimi. Yule mama alikuwa ameificha chini ya ngazi, nyuma ya magunia ya viazi, mahali penye giza na ubaridi mwaka mzima.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu kuhusu yako. Kabati lako liko wapi? Kama ni juu ya jiko au linapigwa na jua la mchana, huenda joto limeshaimaliza. Kama ni chumba cha ndani, tumaini lipo. Itazame kwanza kwenye mwanga, chupa ikiwa bado imefungwa. Rangi ya dhahabu ni njema. Rangi ya chai ya rangi si njema. Angalia kama kizibo kimesukumwa juu au kimevuja. Kisha ilaze kwenye friji usiku mmoja, ifungue saa nzima kabla ya chakula, mimina kidogo tu, unuse. Ukipata tofaa lililopondeka na kugeuka kahawia, au siki, basi rafiki yako ameshinda. Ukipata asali, ndimu na kitu kama mkate uliotoka motoni, mwite huyo rafiki, umpe glasi kabla hujamwambia ni ya mwaka gani. Mpikie kome, uwatie maji kidogo sana, funika sufuria, dakika chache wakifunguka epua. Halafu niandikie uliionja vipi, na kabati lilikuwa chumba gani.